Usingizi wa Kuchangiwa

Kastori Ngailo aliamka akicheka peke yake, maana usingizi mzima alikuwa amevaa kitenge.

Si mwilini, jamani, ni humo ndotoni. Alikuwa anapandisha njia ya udongo mwekundu, ndoo ya maji kichwani, mvua ndiyo kwanza imekatika, na kila akipiga hatua mbili tatu kitenge kinalegea kiunoni. Anakidaka kwa mkono mmoja, anakikaza, anaendelea. Goti la kushoto linamsumbua. Lakini miguu, ee bwana wee, miguu inakanyaga! Tope linapenya katikati ya vidole. Baridi ya udongo inapanda mpaka magotini, tamu kama nini.

Akafumbua macho, na hapo hapo miguu ikakatika. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Kuanzia chuchu kwenda chini hakuna kitu, kama vile mtu amekuja na rula akampiga mstari kifuani, akamwambia, wewe Kastori unaishia hapa.

"Dada Rede!" akaita. "Njoo upesi uone maajabu!"

Redempta akaingia na mtoto mgongoni na beseni linalofuka mvuke mikononi. Alikuwa ameiacha nyumba yake Mafinga kuja kumuuguza mdogo wake hapa Makambako, na domo lake ndilo lililoifanya nyumba ya mama yao iwe na uhai.

"Maajabu gani? Umeota umepata mchumba?"

"Jana ulinimiminia chupa ya nani?"

"Ya baba mdogo Damasi. Kibandiko si hicho hapo?"

"Basi baba mdogo Damasi, mzee wa kanisa mzima, akilala anavaa kitenge anakwenda kuteka maji!"

Siku nyingine yoyote Rede angekaa chini kwa kicheko. Huyu ni mtu aliyewahi kucheka msibani mpaka wakamtoa nje. Lakini safari hii aliweka beseni chini, akamgeuza ubavu, akachovya kitambaa, akaanza kumfuta mgongo kimya kimya huku anakagua kama kuna wekundu, maana ngozi isiyosikia inaoza bila kukuambia.

"Rede."

"Nimesikia. Ndoto ni ndoto tu."

"Hizi si ndoto tu, na wewe unajua. Usingizi wa mtu unakuja na mtu mwenyewe."

Hilo kila mtu mjini alilijua tangu chupa zilipofika.

Watu wakisikia fulani kavunjika uti wa mgongo, wanadhani msiba ni miguu. Wanakuja na juisi na biskuti, wanaitazama miguu chini ya blanketi, wanatikisa kichwa, wanaaga. Kumbe miguu unaizoea. Usichokizoea ni usiku. Mwili wa chini haukusikii ukiuita, lakini wenyewe hauachi kupiga kelele. Jua likizama unawaka moto, moto wa kweli, kana kwamba mtu amekumwagia makaa ndani ya soksi, na ukiipapasa miguu ni ya baridi kama samaki. Mara inakaza na kurusha teke lenyewe. Ukianza kusinzia, ni muda wa kugeuzwa usije ukapata vidonda. Ukigeuzwa, mawazo nayo yanazunguka kitanda yanakuja kukutazama upande huo huo.

Kastori alikuwa fundi wa mabawa ya upepo, yale mapangaboi makubwa yaliyojaa juu ya vilima mpaka macho yanachoka kuyafuata. Siku kamba ya usalama ilipomwachia alikuwa anapiga mluzi. Baada ya hapo vidonge vilimlaza nusu nusu, halafu vidonge vyenyewe vikachoka. Akaacha kulala. Akaacha kuongea. Mwisho akaacha kula, anabana mdomo, kijiko kinagonga meno, mama yake anabembeleza, "Kimoja tu, baba. Kwa ajili yangu." Wapi!

Ndipo ikaja habari ya kuchotwa. Mtu mwenye afya analala mchana kule kituoni, anavishwa kofia ya nyuzi, na ule usingizi mzito wenyewe, kabla haujamfaa kitu, unachotwa na kufungiwa kwenye chupa isiyozidi thamosi ya chai. Jioni mgonjwa anavaa kofia yake anamiminiwa, moto unazimika, analala mpaka kunakucha. Lazima muwe damu moja, wa mgeni haushiki. Na aliyechotwa anaamka kama hakulala, kwa hiyo anatakiwa apumzike siku nyingi kabla ya kurudi. Ndiyo maana wanatakiwa watu wengi wapokezane.

Sasa watu wa hapa uwafundishe kuchanga? Siku hiyo hiyo baba mdogo Damasi akafungua kundi kwenye simu, kama la harusi vile, mwenyekiti yeye, mhamasishaji yeye. Ahadi zikamiminika. Shangazi wa Tunduma ameahidi! Binamu Desderi wa Dodoma ameahidi! Picha za mioyo, maua, mikono ya kuomba, simu inatetemeka mezani mpaka inataka kuanguka. Na kweli, Kastori akalala. Akaanza kula. Akanyoa ndevu. Akaanza hata kumchokoza dada yake, jambo ambalo Rede alikwenda kulililia jikoni kwa furaha.

"Halafu lile goti," Kastori akaendelea, uso ukiwa ukutani. "Baba mdogo goti la kushoto linamuuma. Shangazi naye la kushoto. Desderi ni kijana, mcheza mpira, goti la kushoto. Si nilishawatania kwenye kundi, nikawaambia huu ukoo mzima una magoti ya..."

Mdomo ulikuwa umetangulia, akili ndiyo kwanza inafika.

Hakuusikia mkono wa dada yake ukisimama mgongoni. Alisikia tu maji yameacha kudondoka kwenye beseni.

"Ni mama," Rede akasema.

"Ipi?"

"Zote, Kasto. Zote ni za mama."

*

Rede aliongea haraka haraka, kama mtu anayetapika. Watu waliahidi, ndiyo. Siku ya mtu ikifika, mara mafua, mara niko njiani, mara kesho bila kukosa. Mama akaona aibu. Mtu ameahidi mbele ya ukoo, leo asomwe jina kwamba hajatoa? Si ndivyo tulivyolelewa? Kwenye mchango wowote, mwenzako akikwama unamtolea kimya kimya, jina linasomwa lake, heshima yake inabaki. Basi mama akaenda kituoni akasema, leo nalala kwa ahadi ya Damasi. Kesho yake, nalala kwa ahadi ya wifi. Damasi akashukuru kwenye kundi, "Ahsanteni wanaukoo kwa moyo wenu," na walioshukuriwa wakajibu na maua.

"Na wewe ulijua."

"Mimi nanyonyesha, hawanichoti! Ningekuwa nachotwa ningekwenda mimi!" Mtoto mgongoni akaanza kulia, Rede akamtikisa kwa hasira. "Nilijua, ndiyo. Ulikuwa umeanza kula, Kasto. Ungekuwa wewe ungesema?"

Kastori alikuwa anarudi nyuma, anaokota vitu alivyoviona akavipita. Mama kuweka sukari kwenye maharage, wakamcheka. Mama kumwita Rede kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Na wiki iliyopita, mama kuchungulia mlangoni, mchangamfu kweli, akasema, "Kastori, ukitoka hapo nisogezee zile kuni." Alidhani mama anamtia moyo. Alimjibu, "Sawa mama, nakuja," na mama akaondoka ameridhika.

"Niitie Sifueli," akasema.

*

Sifueli alikuwa mhudumu wa kituo, Mpare mmoja mrefu mwenye sauti ya pole, anayepita nyumba kwa nyumba na bodaboda ya betri kubadilisha mipira ya mkojo na kukusanya chupa tupu. Alifika jua likiwa katikati, akavaa glovu, akaanza kazi yake. Kastori akamwacha kwanza afunge mfuko mpya, halafu akamuuliza waziwazi.

"Ulijua ni mama yangu peke yake?"

Sifueli akavua glovu taratibu. "Nilijua nusu."

"Nusu ndiyo nini, kaka Sifueli?"

"Kituo kinapokea ahadi kwa ukoo. Mashine inapima kama damu zinaelewana, basi. Mama anakuja, anasema leo nalala kwa niaba ya fulani. Ndugu kumtolea ndugu, mimi nitasema nini? Niliona anakuja sana. Nikamwambia, mama, pumzika. Akaniletea viazi mviringo, gunia zima. Akaniambia, mwanangu amenyoa ndevu."

"Akili yake inakwenda."

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya kuchotwa." Sifueli akakaa kwenye ukingo wa kitanda, juu ya mguu wa Kastori bila kujua, na Kastori naye hakujua. "Sikiliza. Mchana kutwa unaona mambo, unasikia mambo, yote unayarundika sakafuni. Usingizi mzito ndio unaokuja kuyaokota na kuyapanga kabatini. Kijana ukimchota leo, kesho atapanga ya jana na ya leo. Mtu mzima kama mama, ukimchota mfululizo, hakuna wa kupanga. Yanakanyagwa. Na ukizidi, hata yale ya kabatini yanaanza kudondoka, na yanaanza yale mazito. Yale yaliyokuwa hayajakaa vizuri."

"Kama kuanguka kwangu."

"Hilo ndilo litakuwa la kwanza."

Nje yale mabawa yalikuwa yanazunguka, vuu, vuu, vuu, kama kwamba hayajawahi kumdondosha mtu.

"Yakishapotea, yamepotea?" Kastori akauliza.

"Yaliyokanyagwa, ndiyo. Lakini yapo yanayoelea tu, hayajapata pa kukaa. Akipata usingizi mzito mmoja wa maana, huenda yakakaa." Sifueli akaitazama chupa iliyokuwa mezani, imejaa, kibandiko kinasema Desderi. "Ile ni yake. Usingizi ukirudi kwa mwenyewe unaingia kama maji kwenye udongo."

"Nikimrudishia, mimi leo?"

"Wewe leo huna. Wala kesho, labda ndugu zako wabadilike. Na Kastori, nakuambia kama kaka, hali uliyokuwa nayo kabla ya chupa, mimi niliiona. Nilikuwa napita hapa najiuliza kama nitakukuta. Sitaki kukuficha. Vidonge vimeisha kazi kwako. Sina kingine mkobani."

"Nisipomrudishia?"

"Ataendelea kuja. Ataendelea kutabasamu. Mpaka siku atakayoingia humu akuulize wewe ni nani."

*

Kabla ya kuamua lolote Kastori alichukua simu, akabonyeza kitufe cha sauti, akaongea kwenye kundi. Hakutukana mtu. Aliwasalimia, kamweneni, akawataja wakubwa kwa heshima zao, akasema yote. Akasema mama anasahau. Akasema, "Naomba watu wanne tu. Sina uwezo wa kumlazimisha mtu, naomba tu. Mama apumzike."

Akatuma. Akakodoa macho kwenye kioo kama mtu anayengoja jibu la mchumba.

Alama zikawa za bluu, moja moja, zote. Wamesikiliza. Shangazi wa Tunduma anaandika... ameacha kuandika. Anaandika tena. Ameacha. Binamu mmoja akatuma mikono ya kuomba. Mwingine akatuma uso unaolia. Desderi akajitoa kwenye kundi, kimya kimya, kama mtu anayetoka ibadani wakati wa sadaka.

Halafu simu ikaita. Baba mdogo Damasi.

"We Kastori! Unatuanika?"

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, unatuanika? Watu wazima na familia zao! Unamdhalilisha mama yako, mwanamke aliyetunza siri ya ukoo!"

"Baba mdogo, njoo uchotwe hata mara moja. Nakuomba."

"Mimi nina presha."

"Jana ulikuwa umevaa kitenge, umebeba ndoo, unapanda mlima. Presha ilikuwa imekwenda wapi?"

Damasi akavuta pumzi ndefu mpaka spika ikakoroma. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo ilipomchoma Kastori zaidi, maana haikuwa sauti ya mtu mbaya. Ilikuwa ya mtu anayeogopa.

"Mwanangu, mimi nilikwenda. Mara ya kwanza kabisa, ile ya majaribio kabla ya chupa zako, nilikwenda. Walinivisha ile kofia. Nilipoamka nilikaa siku tatu sijui nimesimama au nimekaa, kila nikimwangalia mke wangu naona kama namwona kwenye picha. Sirudi. Hata ungekuwa mwanangu wa kuzaa, sirudi. Mungu anisamehe."

Akakata. Baada ya muda mfupi kioo cha simu kikaonyesha maneno madogo ya kijivu katikati ya kundi. Kuanzia sasa ni kiongozi peke yake anayeweza kutuma ujumbe.

Kastori akacheka. Alicheka mpaka Rede akaja mbio, akamwonyesha simu, Rede akasoma, na yeye akacheka, huku machozi yanamtoka. Mtoto akawaangalia wote wawili, akaona bora naye acheke.

*

Mama yao, Vitalia, alirudi shambani alasiri amebeba fungu la mboga za maboga. Aliingia moja kwa moja chumbani, miguu na udongo wake, sweta limechanika kiwiko, uso umeng'aa. Jamani, alikuwa amependeza! Kastori alikuwa hajawahi kugundua. Ile mikunjo miwili iliyoota kati ya nyusi zake tangu siku ya ajali ilikuwa haipo. Imelainika, kama shuka iliyopigwa pasi.

"Kamwene, baba. Bado umelala? Au leo zamu yako ya jioni?"

"Kamwene, mama. Leo nimepumzika."

"Vizuri. Hao mabosi wako watakuua na hiyo milingoti." Akakaa, akaanza kumenya nyuzi za mboga. "Nilikuona jana ukipita kule juu barabarani na wenzako. Nikakuita, hukusikia. Unatembea haraka kama baba yako marehemu."

Rede aliyekuwa amesimama mlangoni akageukia ukuta.

Kastori alitazama chupa mezani. Akamtazama mama. Hapa sasa ndipo penyewe. Angeweza kunyamaza tu! Jioni Rede angemvisha kofia, angepanda mlima na goti bovu na miguu inayokanyaga, na mama angeendelea kumwona barabarani na wenzake, anatembea haraka. Nani anaumia? Mmoja analala, mwingine anafurahi. Ukitafuta anayelia hapo humwoni. Hakuna duka linalouza raha kama hiyo.

Halafu akaona mama ameshika jani moja la mboga, analigeuza, analigeuza, amesahau linafanywaje.

"Mama," akasema, "unasikia baridi?"

"Kidogo."

"Vaa hiyo kofia. Jilaze hapo kwenye mkeka karibu yangu, pumzika kidogo."

"Hii si ile ya kituoni?"

"Inafanana. Hii ni ya joto."

Alimdanganya mama yake mzazi, akimwangalia machoni. Mama akavaa bila kuuliza tena, kwa sababu ni mwanawe aliyesema. Rede akatikisa kichwa, hapana, Kasto, hapana, muulize kwanza. Kastori akamwelekeza kwa macho. Rede akachukua chupa, akaunganisha mrija.

Mama akalala kama mtu aliyesukumwa. Akakoroma, yeye ambaye hakoromi. Vidole vikaanza kutikisika, macho yanakimbia chini ya kope, huku na huku, huku na huku, kama mtu anayeokota vitu sakafuni kabla wageni hawajaingia.

Kastori akampigia Sifueli. "Nimemrudishia. Na mfungie jina kwenye mashine yenu. Asichotwe tena, hata akija kupiga magoti."

"Umefikiria?"

"Mfungie, kaka."

*

Jua lilikuwa linagusa vilima mama alipoamka. Hakupiga miayo, hakujinyoosha. Alifumbua macho akatulia, anaangalia dari. Halafu akageuza shingo na kuanza kuangalia vitu kimoja kimoja. Mfuko wa mkojo unaoning'inia ubavuni mwa kitanda. Kiti cha magurudumu na koti la Kastori lililotupwa juu yake. Godoro la hewa linalonguruma. Miguu miwili myembamba chini ya blanketi, mmoja umepinda vibaya na hakuna aliyeona.

Ile mikunjo miwili ikarudi. Kastori aliiona ikirudi, pole pole, kama nyufa kwenye udongo unaokauka.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitoa sauti ndogo, ya kooni, mara moja. Akanyanyuka, akaunyoosha ule mguu uliopinda, akaufunika. Halafu akaivua kofia, akaiangalia.

"Ulinirudishia."

"Ilikuwa yako, mama. Zote zilikuwa zako. Akili yako ilikuwa inakwenda."

"Nilikuwa najua inakwenda."

Kastori akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Unadhani mimi mjinga?" Hakuwa anagomba. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa miezi yote umemrudia kwa mkupuo. "La kwanza kuondoka lilikuwa ile simu. Yule kijana aliyenipigia siku ulipoanguka, sauti yake, alivyokuwa anahema. Kila siku nilikuwa naisikia, nikipika naisikia, nikisali naisikia. Siku moja nimeamka kituoni, haipo. Nikasema, Ee Mungu, chukua na mengine. Nilikuwa nakwenda kule kama mtu anayekwenda kutua mzigo. Wewe unalala, mimi nasahau. Nani kakuomba uingilie?"

"Ungenisahau na mimi, mama."

"Ningekusahau wewe wa hapa kitandani," Vitalia akasema. "Yule mwingine ningebaki naye."

Rede akatoka chumbani. Walisikia mlango wa jikoni ukifungwa.

Kastori alilia. Hapa juu, kwenye kipande alichobakiwa nacho, macho, pua, koo, kifua mpaka pale kwenye mstari. Mama alimwangalia akilia, hakumbembeleza. Alisubiri amalize.

"Kesho nitakwenda kwa Sifueli," akasema.

"Nimemwambia akufungie jina. Hatakuchota tena."

Mama akaiweka kofia chini, kando ya mkeka.

"Na hao ndugu zetu?"

"Hawaji."

"Hawaji," mama akarudia, kama anaonja chumvi. Akakitazama kile kitanda, urefu wake wote, mpaka miguuni. Nje dirishani rangi ilikuwa inaisha. "Basi umetuamsha wote wawili, Kastori. Sasa tutafanyaje?"

Kastori alikuwa tayari ameanza kuusikia moto kule mbali, chini ya mstari, mahali pasiposikia kitu kingine chochote.

"Umeanza?" mama akauliza.

"Bado."

"Usinidanganye tena."

"Umeanza."

Vitalia akavuta kigoda, akakaa upande wa kichwa, kule ambako mwanawe bado anasikia akiguswa, akamwekea mkono kwenye paji la uso. Ulikuwa mkono wa mtu aliyeamka kabisa.